Kijembe na Fumbo katika Walenisi

Wahakiki wa riwaya ya Kiswahili wana mazoea ya kuita fumbo kila kauli isiyosema wazi. Mazoea hayo huficha tofauti muhimu. Fumbo hufumbwa ili lifumbuliwe. Methali humfumbia mjinga, ikamwachia mwerevu kuling'amua. Kijembe hakimtafuti mwerevu. Kikiwa kwa maana yake ya asili kisu kidogo, kina mtu wake, na sharti mtu huyo ajue kwamba amechanjwa. Hurushwa mbele ya watu bila kutaja jina. Mlengwa akilalamika, amejitaja mwenyewe. Mrushaji aweza kukana. Mlengwa hana la kukana.

Tofauti hii yajitokeza katika riwaya mbili za Katama Mkangi, aliyefundisha sosholojia katika Chuo Kikuu cha Nairobi na kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa mwaka 1986. Mafuta ilitoka 1984, miaka miwili baada ya Kenya kufanywa nchi ya chama kimoja kisheria. Humo istiari ni ngao, na fumbo ndilo jina lake hasa. Walenisi ilitolewa 1995 na East African Educational Publishers ya Westlands. Kifungu cha 2A cha katiba kilikuwa kimefutwa tangu Desemba 1991, na magazeti ya jijini yakiwakosoa wakubwa kwa majina. Hofu haikuwa imekwisha, ni kweli (sheria ya uchochezi ilingoja hadi 1997), lakini hofu pekee haielezi kwa nini Mkangi aliendelea kusema kwa kuzunguka.

Jibu limo katika jina lenyewe: wale ni sisi. Dzombo, aliyehukumiwa kufa, anajikuta katika jamii yenye haki, na msomaji wa Nairobi yu tayari kuwacheka watawala wa kule alikotoka. Jina limekwisha kumtangulia. Akiwacheka wale, kisu kimemrudia yeye aliyewavumilia, akawapigia kura, pengine akala nao. Likielekezwa kwa Wawalenisi, jina hilohilo ni ahadi. Wanaoisoma riwaya hii kama shutuma kwa dola tu humtoa msomaji katika makali yake, jambo ambalo kila msomaji angelifurahia.

Udhaifu upo pale wenyeji wanapomfafanulia Dzombo misingi ya jamii yao kwa kirefu. Hapo hakuna anayechanjwa: msomaji amegeuzwa mwanafunzi, na kijembe kimekuwa mhadhara.