Kabla ya Kugusa Skrubu ya Taa

Gari la jirani yangu, saluni ndogo ya Kijapani, lilikuwa kero usiku. Likiwashwa dimu, madereva wanaokuja mbele walidhani ni fulu, nao wakajibu kwa fulu. Mwenyewe alishashika bisibisi, tayari kuzishusha taa zote mbili. Nilimwomba tuanze na balbu, na bado naamini hapo ndipo kila mtu anapaswa kuanzia.

Balbu ya H4 ina nyuzi mbili, wa fulu na wa dimu. Chini ya uzi wa dimu kuna kikinga kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usifike nusu ya chini ya kiakisi, maana ukifika huko hurushwa juu. Kikinga hicho hakina msaada kama balbu haikukaa sawasawa. Tulipovua mpira wa nyuma wa taa ya kushoto na kulegeza springi, tulikuta sikio moja la balbu, kati ya matatu, limepanda juu ya ukingo badala ya kuingia kwenye pengo lake. Balbu ilikaa mshazari. Taa kama hiyo hata uishushe vipi, mwanga utaendelea kutapakaa juu.

Balbu ikarudishwa mahali pake, vipimo vikafuata: upepo wa tairi kama ilivyoandikwa mlangoni, buti tupu, swichi ya kushusha taa kwenye sifuri, mtu mzima kwenye kiti cha dereva. Kwenye sakafu ya saruji isiyo na mteremko, gari lilisogezwa hadi ukutani, tepu ikabandikwa kwenye kimo cha katikati ya taa, sentimita 65. Kisha likarudi nyuma mita 5, limenyooka.

Umbali huo unarahisisha hesabu. Dimu nyingi hutakiwa kushuka asilimia 1, yaani sentimita 1 kwa kila mita, kwa hiyo mstari unaotenganisha mwanga na giza unatakiwa uwe sentimita 5 chini ya tepu. Upande wa kushoto mstari huo hupanda kidogo ili kumulika ukingo wa barabara, na hilo liachwe. Ukikosea digrii 1 tu kwenda juu, ukutani tofauti ni kama sentimita 9. Mita 60 mbele, mstari unakuwa sentimita 110 kutoka chini, machoni kabisa mwa dereva wa saluni anayekuja. Ukishusha mno nako, mwendesha baiskeli asiye na taa utamwona umeshamkaribia.

Giza lilipoingia, taa moja ilizibwa kwa kipande cha boksi, nyingine ikapimwa. Skrubu ya juu na chini inafikiwa kwa bisibisi ya nyota kutoka nyuma ya taa. Gia zake ni za plastiki na gari limezeeka, kwa hiyo ni robo mzunguko, unatazama ukuta, unaendelea. Ikigoma, usiilazimishe. Taa ya kulia ilishushwa kidogo. Ya kushoto, ile iliyokuwa na balbu ya mshazari, mstari wake ulikuwa tayari mahali pake. Ingeshushwa mwanzoni, sasa ingekuwa inamulika miguuni mwa gari.

Waliofunga balbu za LED kwenye taa za H4 wautazame ukuta kwa makini zaidi. Ukiona wingu la mwanga lisilo na mstari, hakuna skrubu itakayoliondoa: rudisha kwanza balbu ya aina iliyotengenezewa taa hiyo, ndipo upime.