Mwenda bure hana kibali

Tarehe 5 Agosti 2016, katika uwanja wa Maracanã mjini Rio de Janeiro, Rose Nathike Lokonyen alitangulia na bendera ya Olimpiki mkononi, nyuma yake kikosi cha wakimbizi, cha kwanza katika historia ya michezo hiyo. Kikosi kilikuwa na wanamichezo 10. Watano walitoka kambi ya Kakuma: Lokonyen mwenyewe, Anjelina Nadai Lohalith, James Nyang Chiengjiek, Paulo Amotun Lokoro na Yiech Pur Biel. Wazaliwa hao wa Sudan Kusini, waliokuwa wakiishi Kenya kama wakimbizi, walivuka Bahari ya Atlantiki hadi Brazil, wakashindana, wakarudi.

Ukiitazama safari hiyo ukiwa Dadaab, makazi mengine ya wakimbizi nchini Kenya, unajiuliza ilifanyikaje. Mume na mke wa Ifo, mojawapo ya kambi za Dadaab, wakitaka kupeleka fungate yao Lamu, ndani ya Kenya hii hii, wanapanga safari ambayo haifiki kilomita 300 ukipima kwa mstari ulionyooka kwenye ramani. Brazil ilifikika. Lamu, kwa wanandoa hao, karibu haifikiki. Tuzifungue safari hizi mbili, tuone kila moja imeshonwa kwa uzi gani.

Rio ilivyojengwa

Safari ya Rio ilianza kwa mtu mwenye sauti kuitaka. Oktoba 2015, Rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, Thomas Bach, alisimama mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa akatangaza kwamba wakimbizi wenye uwezo wa kiwango cha juu watashiriki Rio. Kuanzia siku hiyo safari ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo alikuwa na pesa, wanasheria na simu zinazopokelewa katika wizara.

Likafuata daraja la hapa nyumbani. Tegla Loroupe, aliyewahi kushikilia rekodi ya dunia ya mbio za marathoni, alikuwa na taasisi yake ya amani na uzoefu wa kuandaa mbio za wakimbizi. Mchujo ulifanyika Kakuma, na waliong'ara wakahamishiwa kambi ya mazoezi Ngong. Kiutawala, hatua hii ndiyo ngumu kuliko zote, ingawa haikupigwa picha kama ile ya Maracanã. Kumtoa mkimbizi Kakuma na kumweka Ngong kwa miezi ni kumtoa katika eneo aliloambiwa aishi. Wanariadha hawakwenda Ngong kwa hiari yao tu. Walikwenda kwa jina la taasisi iliyojulikana, kwa kazi iliyoelezeka na mahali pa kulala palipojulikana.

Baada ya hapo yalikuja majina. Wagombea 43 kutoka nchi mbalimbali walichujwa hadi 10, wakatangazwa tarehe 3 Juni 2016. Orodha fupi hurahisisha kazi ya karatasi: kila jina lina faili, kila faili lina mtu wa kulifuatilia.

Karatasi yenyewe haikuhitaji kubuniwa. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, katika kifungu cha 28, unazitaka nchi zilizousaini kuwapa wakimbizi wanaoishi kihalali ndani yake hati ya kusafiria nje. Kwa maandishi, haki hiyo haikutengwa kwa wakimbiaji wa mita 800. Mwanamke wa Hagadera, kambi nyingine ya Dadaab, anayesuka mikeka anaingia katika kifungu kile kile.

Mwisho, safari ilikuwa na kikomo. Michezo ina siku ya kufungwa, na Loroupe mwenyewe alikwenda kama mkuu wa msafara. Afisa anayegonga muhuri alijua nani anakwenda, kufanya nini, na nani atamrudisha.

Tazama pia majira yenyewe. Tarehe 6 Mei 2016, wiki nne kabla ya majina kutangazwa, serikali ya Kenya ilisema imechoka kupokea wakimbizi, kwamba Dadaab itafungwa na Idara ya Masuala ya Wakimbizi inavunjwa. Jaji John Mativo aliutengua uamuzi huo Februari 2017, lakini Mei ile hakuna aliyejua. Kwa hiyo msafara wa Rio haukupita kwa sababu milango ilikuwa wazi. Ulipita milango ikifungwa, kwa sababu ulikuwa na mwombaji mzito.

Lamu inavyovunjika

Sasa tuwachukue wanandoa wa mfano. Ifo ilifunguliwa 1991, Dagahaley na Hagadera zikafuata 1992, hivyo bwana na bibi arusi wengi wa leo wamezaliwa humo humo. Wamefunga nikaha, ngoma imekwisha, na wanataka siku chache kando ya bahari ambayo hawajawahi kuiona.

Kazi ya kwanza iko ofisini. Kila mmoja alisajiliwa katika faili la wazazi wake. Baada ya ndoa huomba mafaili yaunganishwe ili watambulike kama nyumba moja, na jambo hilo huchukua muda wake. Kisha kila mmoja anahitaji kibali cha kusafiri, chenye jina, mahali aendako na tarehe. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 iliweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi 20,000 au kifungo kisichozidi miezi sita kwa mkimbizi anayeishi nje ya eneo alilopangiwa bila ruhusa. Sheria mpya ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inatoa mengi kuhusu kazi na huduma, lakini haikuuondoa mpango wa maeneo maalumu.

Afisa atauliza swali moja: mnakwenda Lamu kufanya nini? Sababu zinazozoeleka ni matibabu yasiyopatikana kambini, masomo, mahojiano ya kuhamishiwa nchi ya tatu, kesi mahakamani. Zote zina barua ya kuambatanisha: ya daktari, ya shule, ya shirika, ya korti. Fungate haina barua. Waswahili husema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota, lakini katika fomu ile mwenda bure hana mstari wake. Safari inaangukia hapa, kabla ya nauli na kabla ya vumbi.

Tuseme wamepata. Kazi ya pili ni barabara. Kutoka Dadaab hadi Garissa ni takriban kilomita 100, nyingi zikiwa za mchanga na udongo, na kila kizuizi cha polisi ni kusimama, kushuka, kutoa karatasi. Darajani Garissa, kwenye Mto Tana, ukaguzi huwa mkali zaidi. Ukali huo una historia. Oktoba 2011 wafanyakazi wawili wa Madaktari Wasio na Mipaka, raia wa Hispania, walitekwa Dadaab, na mwezi huo huo jeshi la Kenya likaingia Somalia. Aprili 2, 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Mkaguzi aliyesimama juani ana sababu ya kuwa macho. Ila karatasi anayoisoma haimsaidii sana kumtenganisha bwana arusi na mtu wa kuogopwa. Inamwambia tu kama mtu ametumwa na ofisi au amejituma.

Kutoka Garissa hadi Lamu kuna njia mbili. Ile fupi inashuka Masalani na kupita karibu na msitu wa Boni, ambako operesheni ya kijeshi ya Linda Boni ilianza Septemba 2015. Wanandoa wenye akili hawaiwazii. Ile ndefu inafuata Tana hadi Hola na Garsen, kisha inapinda kuelekea Witu na Mokowe, unapopanda boti kuvuka hadi kisiwani. Kipande cha mwisho nacho kimeshuhudia mashambulizi, na si ajabu kukuta magari yakisindikizwa na polisi.

Msimu nao ni sehemu ya hesabu. Mwisho wa 2023, na tena Aprili na Mei 2024, mafuriko yaliikata barabara kati ya Garissa na Mororo, abiria wakawa wanavushwa kwa boti, na mwishoni mwa Aprili boti moja ikazama. Kibali chenye tarehe hakingoji maji yapungue. Mtu aliyekwama ng'ambo ya mto huku siku zake zikiisha anakuwa mkosaji bila kuchukua hatua yoyote.

Pesa naweza kuipitia haraka. Mkimbizi anayefanya kazi na shirika hulipwa insentivu, posho iliyo chini sana ya mshahara wa Mkenya aliye dawati la pili. Hata hivyo Dadaab ina wafanyabiashara, wenye maduka na wenye ndugu Minneapolis wanaotuma dola. Kwa watu hao nauli hupatikana. Pesa haiwezi kununua sababu.

Kule Brazil kwenyewe

Katika kikosi kile kile cha Rio walikuwemo wanajudo wawili, Popole Misenga na Yolande Mabika, wote kutoka Bukavu, Kongo. Wao hawakusafirishwa kwenda Rio. Walifika huko 2013 na timu ya Kongo kwa mashindano ya dunia, wakaitoroka timu na kuomba hifadhi. Brazil, chini ya sheria yake ya wakimbizi ya 1997, haiwafungii wakimbizi kambini. Huwapa kitambulisho na kibali cha kazi, kisha huwaacha wahangaike mjini kama maskini wengine. Na walihangaika kweli, Misenga akiishi katika mtaa wa mabanda na mke wake Mbrazili.

Lakini linganisha kwa jicho la fundi. Misenga na mkewe wakitaka kwenda São Paulo Jumamosi, kazi yao ni kupata nauli na kiti cha basi. Hakuna ofisi inayowauliza wanakwenda kufanya nini. Ndani ya timu moja, kundi moja lilihitaji Kamati ya Olimpiki kuivuka Kenya, na kundi jingine lilihitaji stendi ya basi kuivuka Brazil. Tofauti haikuwa umaskini wao wala vita walivyokimbia. Ilikuwa jinsi nchi mwenyeji ilivyoandika kanuni zake.

Panapoweza kufunguliwa

Tarehe 28 Machi 2025 Rais William Ruto alizindua Mpango wa Shirika, unaolenga kuzigeuza Dadaab na Kakuma kuwa makazi ya kudumu zaidi, yenye huduma za pamoja kwa wakimbizi na wenyeji. Kuna pia mlango wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: sheria ya 2021 inamruhusu mkimbizi kutoka nchi mwanachama kuiacha hadhi ya ukimbizi ili apate haki za raia wa Jumuiya, na Somalia, walikotoka wakimbizi wengi wa Dadaab, imekuwa mwanachama kamili tangu Machi 2024. Bei ya mlango huo ni kubwa. Unaacha ulinzi uliokuleta Kenya, na unategemea hati ya nchi uliyoikimbia.

Kwa wanandoa wetu, marekebisho matatu madogo yangetosha kuanzia. La kwanza, kibali kimoja cha mume na mke, ili asiruhusiwe mmoja na mwingine akabaki. La pili, tarehe zenye nafasi, ili mafuriko yasimgeuze msafiri kuwa mhalifu. La tatu, ambalo ni zito, fomu iwe na mstari wa matembezi, na mstari huo usidai barua ya mtu mwingine. Afisa abaki na haki ya kukagua jina na rekodi. Usalama hukaguliwa kwa kujua mtu ni nani, na Dadaab alama za vidole za watu hawa ziko kwenye kompyuta tayari.

Rio ilithibitisha kwamba karatasi zipo, mamlaka yapo, na wakimbizi huenda na kurudi. Kilichokosekana kwa mume na mke wa Ifo ni taasisi ya kuwaombea, na katika safari ya fungate hiyo ni taasisi ambayo hakuna mtu anayepaswa kuihitaji.