Black Caviar: kasi iliyotunzwa hadi mwisho

Ukitoka Lusahunga, Biharamulo, kwa bodaboda kwenda Ngara, mshale wa spidi ukigusa 65 macho yanatoka machozi na abiria anakung'ang'ania shati. Black Caviar, farasi jike wa Australia wa mbegu ya Thoroughbred, alikimbia kwa wastani unaokaribia huo kwa miguu yake. Huku kwetu farasi hakai, maana mbung'o wa mapori ya Burigi wanamwambukiza nagana. Hata hivyo, mbio zake zina la kumfundisha yeyote anayeshika usukani.

Alianza mashindano mwaka 2009 chini ya kocha Peter Moody. Alikimbia mara 25, akashinda zote 25, na 15 kati ya hizo zilikuwa za daraja la juu kabisa.

Wengi husema siri ilikuwa mchomoko wa mwanzo. Saa inasema vingine. Machi 2011, Flemington, Melbourne, alimaliza mita 1,200 kwa dakika 1 na sekunde 7.36 akiwa amebeba kilo 58, wastani wa kilomita 64 kwa saa. Farasi wa mbio fupi wengi huwaka kama bua kavu, wakazimika mita 200 za mwisho. Yeye alikuwa na mwili mkubwa na hatua ndefu, na farasi akienda mbio huvuta pumzi moja kwa kila hatua, hivyo hatua ndefu ilimpa nafasi ya kuvuta pumzi ndefu. Luke Nolen, mpandaji wake, mara nyingi alikaa kimya mgongoni, hatamu zimebana, wenzake wakiwa wameshaanza kuchapa. Waliobaki na nguvu ya kumkimbiza walikuwa wachache.

Ustadi huo huo wa kukaa kimya nusura umponze Nolen. Tarehe 23 Juni 2012, Ascot, Uingereza, baada ya safari ndefu ya ndege, alikuta uwanja unaopanda kuelekea mwisho. Nolen akaona kazi imekwisha, akaacha kumhimiza kabla ya mstari. Dereva wa vilima vya Ngara anajua: ukiachia mafuta kabla ya kilele, pikipiki haitelezi mbele, inakufa. Farasi mpinzani, Moonlight Cloud, akamkaribia ghafla; Nolen akamsukuma tena, wakashinda kwa kichwa tu. Mpandaji alikiri kosa lake. Daktari wa mifugo naye akakuta misuli ya farasi imechanika. Kumbe akiba ambayo Nolen aliitegemea ilikuwa imeshaliwa na maumivu.

Akapumzishwa miezi karibu minane. Tarehe 16 Februari 2013 akarudi Flemington, mita 1,000. Sekunde 55.42: rekodi ya uwanja huo ya tangu 1988 ikavunjika. Mwezi wa nne akakimbia mara ya mwisho, akashinda, akastaafu.

Kubana hatamu kulimpa ushindi mwingi. Ascot ilionyesha kwamba kubana na kuachia ni vitu viwili, ingawa kwa aliye jukwaani vinafanana.