Heko kwa maafisa wa kliniki

Mama anapofika hospitalini Sigor, kule Chepalungu, na mtoto anayekohoa, mara nyingi anayempokea ni afisa wa kliniki. Mtazame kazini. Anamwomba mama amtulize mtoto kwanza, anampandishia mtoto shati, kisha anahesabu pumzi kwa dakika nzima bila kuharakishwa na foleni iliyo mlangoni. Kwa mtoto wa kati ya mwaka mmoja na mitano, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni dalili ya nimonia. Anaangalia pia kama kifua kinabonyea. Ujuzi huo hauhitaji mashine, ila lazima ufunzwe na mtu aliyebobea.

Marekani ilianza kufunza wasaidizi wa madaktari, ambao kazi yao inafanana na ya maafisa wa kliniki, mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Duke, na leo kazi hiyo husomewa huko shahada ya uzamili. Kenya imepita njia yake. Kijana husoma stashahada miaka mitatu, katika chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC kwa mfano, halafu hukaa mwaka mzima wa mafunzo kazini akizunguka wodi za watoto, uzazi, upasuaji na magonjwa ya ndani. Baadaye wengine hurudi darasani kusomea macho, nusukaputi au afya ya watoto.

Hawa ndio ninaowapongeza zaidi: waliokwisha kuajiriwa, wenye familia, wakakubali tena kufanya mtihani ili mgonjwa wa jicho kutoka Sigor asilazimike kusafiri hadi Nairobi.