Barua ya Rosa na Dola la Gileadi

Ziko hadithi zinazobuni dunia mbovu ya siku zijazo ili kumwonya msomaji wa leo. Mashuhuri miongoni mwake, katika jambo la haki za wanawake, ni The Handmaid's Tale ya Margaret Atwood wa Kanada, iliyotoka mwaka 1985. Katika dola lake la Gileadi mwanamke hana mali, wanawake wamekatazwa kusoma, na wale wawezao kuzaa hugawiwa wakubwa ili wawazalie watoto. Mwandishi amepata kusema kwamba hakutia kitabuni tendo ambalo wanadamu hawajapata kulitenda. Dai hilo laweza kupimwa katika Ziwa Viktoria, kwa maana kisiwa cha Ukerewe, ng'ambo ya Mwanza, kimezaa waandishi wawili waliosimulia mambo ya jamaa hiyo bila ya kuazima wakati ujao.

Wa kwanza ni Euphrase Kezilahabi, mwenye Rosa Mistika ya mwaka 1971. Zakaria, baba yake Rosa, agundua barua ambayo binti yake ameandikiwa na kijana, naye ampiga vibaya. Gileadi yawanyima wanawake kusoma. Zakaria amwadhibu binti mmoja kwa barua moja. Tofauti ni ya kadiri, si ya asili. Walakini Kezilahabi aendelea mbele zaidi, maana aonyesha matokeo ya ulinzi huo. Rosa apelekwa sekondari ya wasichana Mwanza, mbali na fimbo ya baba, akiwa hana maarifa ya kujiongoza. Aliyedhani anamlinda ndiye aliyemnyang'anya ngao, na mwisho wa Rosa ni kujiua.

Kitabu chenyewe kilipigwa marufuku shuleni kwa muda. Yaani, kilitendewa kama barua ile. Yafaa kukumbuka kwamba mwaka huohuo wa 1971 ilipitishwa Sheria ya Ndoa, iliyoruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, hali mvulana alitakiwa kutimiza 18. Mahakama Kuu ilihukumu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019, kwamba masharti hayo yapingana na Katiba. Basi palikuwa na wakati ambapo binti alihesabiwa mkubwa wa kutosha kuwa mke, lakini mdogo mno kusoma habari za Rosa. Mbunifu wa Gileadi asingeona haya kuibuni kanuni kama hiyo.

Wa pili ni Aniceti Kitereza, ambaye aliikamilisha kwa Kikerewe mwaka 1945 hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980. Bugonoka hana mtoto. Jamaa za mumewe wamtukana, na wazazi wake wamrudisha kwao. Hapa pia tumbo la mwanamke limekuwa shauri la watu wengi. Lakini Myombekere hamwachi mkewe. Awaendea wakwe kwa unyenyekevu, alipa faini ya pombe ya ndizi, kisha mume na mke watafuta mganga pamoja. Shinikizo ni lile la Gileadi, jibu silo. Kwa hiyo mila haikumlazimisha mtu kuwa mkatili. Ilimwachia nafasi ya kuchagua.

Hapo ndipo hadithi ya Atwood ionekanapo kupungukiwa. Gileadi ina walinzi wenye silaha, na msomaji aweza kujifariji kwamba kwao walinzi hao hawako. Nyumbani kwa Zakaria hakuna askari. Yuko mzazi aaminiye kwamba anatimiza wajibu wake. Faida ya Atwood ni kuuvua uonevu vazi la wajibu, ukaonekana wazi. Faida ya waandishi wa Ukerewe ni kuuonyesha ungali umelivaa, kama uvaavyo kila siku. Mwanafunzi asomaye vitabu hivi pamoja, na aanze na vya Ukerewe. Akifika Gileadi atawatambua wenyeji wake.