Saa Isomayo Moyo, Si Miguu: Mwongozo wa Mnunuzi

Ukiwa umeketi, karibu saa zote za mazoezi husoma mapigo ya moyo vizuri. Ubora wake hujulikana mwili ukianza kutikisika. Kwa hiyo anayenunua saa Kitale au Bungoma, nchini Kenya, asiridhike na namba aliyoiona dukani. Kwanza akubaliane na muuzaji kwamba ataijaribu akikimbia.

Nyuma ya saa kuna taa ndogo, mara nyingi za kijani, na kihisi kinachopokea mwanga unaorudi. Moyo ukipiga, damu huongezeka katika ngozi na mwanga mwingi zaidi hufyonzwa. Mkono ukirushwa, damu husukwasukwa na saa husogea, hivyo mwanga hubadilika hata pasipo pigo. Saa nzuri hupima mtikisiko huo na kuuondoa katika hesabu.

Jaribio la hatua. Kosa baya kuliko yote ni saa kuhesabu hatua na kuziita mapigo. Kimbia mahali tambarare kwa mwendo usiobadilika. Hesabu mguu wa kulia unavyokanyaga kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa 4. Ukipata 172 na saa nayo inaonyesha 172, itilie shaka. Sasa fupisha hatua na uziharakishe bila kuongeza kasi. Namba ikiruka papo hapo pamoja na hatua, saa hiyo inasoma miguu.

Jaribio la mlima. Wakimbiaji wa Kitale wana miinuko ya kuelekea Cherangani. Panda kwa nguvu dakika 2, kisha simama. Namba iongezeke unapopanda na ianze kushuka muda mfupi baada ya kusimama. Ikichelewa sana, saa hiyo haifai kwa mazoezi ya kasi. Ilinganishe na mkanda wa kifua, unaosoma umeme wa moyo wenyewe. Kampuni ya Polar ya Ufini ilitoa kifaa cha namna hiyo kisicho na waya mwaka 1982. Ukikosa mkanda, mara tu unaposimama weka vidole shingoni, hesabu mapigo kwa sekunde 10 na uzidishe kwa 6.

Baridi na ngozi. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya alfajiri huibana mishipa ya ngozi, na damu ya kusomwa hupungua. Pasha mwili dakika 10, mkono ukiwa umefunikwa, kabla ya kutoa hukumu. Ngozi nyeusi nayo hufyonza mwanga wa kijani zaidi, hivyo saa bora huongeza mwanga wake inapohitajika. Usitegemee sifa zilizotokana na mikono ya wengine.

Baiskeli. Bungoma iko chini kuliko Kitale na kuna joto zaidi, lakini mwendesha baiskeli ana taabu nyingine: kukaza usukani hukunja kifundo cha mkono, na barabara isiyo na lami hukitikisa. Kwake, kihisi cha kufungwa mkono wa juu hufaa kuliko saa.

Vaa saa vidole viwili juu ya mfupa wa kifundo, ikaze isiteleze, lakini isitie ganzi.

Kwa mazoezi ya kasi, mkanda wa kifua bado ndio bora. Kwa mbio ndefu za taratibu, saa iliyofaulu majaribio haya inatosha. Iliyoshindwa jaribio la hatua usiinunue, hata ikiwa ya bei nafuu.