Kyudo: Jinsi ya Kumpima Mpiga Upinde

Mgeni akiingia uwanja wa kyudo, sanaa ya Kijapani ya upinde, macho yake hukimbilia shabaha: duara la sentimita 36, mita 28 kutoka kwa mpigaji. Mzoefu huanzia miguuni.

Nyayo ziachane kwa urefu wa mshale wa mpigaji mwenyewe, vidole vikitazama nje kwa pembe ya digrii 60 hivi. Hii ndiyo hatua ya kwanza kati ya 8 zinazoitwa hassetsu. Kiuno kikipinda hapa, hatua zilizobaki zitabeba kasoro hiyo.

Upinde wenyewe hupita mita 2, na hushikwa chini ya katikati yake. Huinuliwa juu ya kichwa, kisha mikono hushuka ikitanuka kwa pamoja. Utazame mshale: ukiinamisha ncha au kuiinua njiani, mkono mmoja umeutangulia mwingine.

Kisha huja kai, hatua inayotenganisha mwanafunzi na fundi. Upote umepita sikio, mshale umegusa shavu usawa wa mdomo. Mpigaji anaonekana ametulia, kumbe kifua bado kinafunguka kulia na kushoto. Fundi hukaa hapo sekunde kadhaa bila kutetemeka. Anayefyatua kabla mwili haujakamilika ana hayake, ugonjwa unaowasumbua hata wakongwe.

Mshale ukitoka, tega sikio. Upote uliofyatuliwa vizuri hutoa mlio mkavu, mfupi. Wakati huohuo upinde huzunguka kiganjani hadi upote ufike nje ya mkono wa kushoto. Mzunguko huo, yugaeri, hujitokea wenyewe. Anayezungusha kifundo cha mkono ili kuupata hujulikana mara moja.

Si kwamba shabaha haina maana. Mwaka 1686, kwenye baraza ndefu ya hekalu la Sanjusangendo mjini Kyoto, Wasa Daihachiro alipiga mishale 13,053 kwa siku moja, na 8,133 ikafika mwisho wa baraza.

Katika mitihani ya leo mtahiniwa hupiga mishale 2 tu. Kwenye daraja la kwanza anaweza kufaulu hata yote ikikosa, mradi mwili umefuata hatua zake. Kadiri madaraja yanavyopanda, wasahihishaji hudai umbo na shabaha kwa pamoja.